Mshiriki Namba Kumi na Saba

1

Hesabu zikifanana kupita kiasi, mimi hutafuta mwizi. Ndiyo tabia yangu, na kwa miaka kumi na minne tabia hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Kwa hiyo Jumatano ile, nilipoweka safu ya kijani kando ya safu ya njano nikakuta zimelingana kama mapacha, sikufurahi hata kidogo. Nilifunga mlango wa ofisi, nikavuta kitasa kuhakikisha, nikakaa, kisha nikainuka nikakivuta tena.

Kijani na njano zilikuwa poda mbili za kuchangamsha, zote za kiwandani. Kijani ni binamu wa mirungi. Hupanda ndani ya nusu saa, hushuka baada ya saa nne, na ikishuka humwacha mtu mnyonge, anatamani nyingine. Njano imeundwa ili ikae. Pakiti moja humweka mtu macho saa kumi na mbili, lakini mabaki yake huchukua siku tisa kutoka mwilini, na panya waliopewa maabara miili yao ilishindwa kupoa na mioyo yao ikaenda mbio. Dawa mbili zilizo tofauti kiasi hicho haziwezi kumtenda binadamu jambo lile lile. Ni sawa na kuambiwa gongo na chai ya rangi vinalewesha sawasawa.

Nilitazama ukumbini kupitia kioo. Waongozaji thelathini na tisa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, miwani mizito usoni, kila mmoja akiendesha malori manne yasiyo na dereva kati ya Tunduma na bandarini. Asinzie mmoja wao hapa Makambako kwa sekunde mbili, tani thelathini zitaingia kwenye soko la watu kilomita mia mbili kutoka hapa. Ndiyo maana sheria inawataka wachangamshwe. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: kwa dawa ipi?

Kulijibu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miezi minne, watu ishirini wa kijani na ishirini wa njano, kila mmoja akikoroga pakiti yake kwenye kikombe chake cha uji kabla ya zamu. Miwani ilirekodi mapigo ya moyo, joto la mwili na upana wa mboni. Kila Ijumaa niliwauliza maswali kumi na tano. Unalala saa ngapi? Chakula kinapita? Unahisi watu wanakusema? Unahisi unafuatwa? Damu ilichukuliwa siku ya kwanza tu, na ya mwisho ingechukuliwa baada ya ripoti. Jumamosi ningesoma matokeo mbele ya Baraza la Vichangamshi kule Dodoma, na Jumatatu dawa iliyoshinda ingegawiwa kwa waongozaji elfu tisa wa nchi nzima, wengi wao wakifanya kazi peke yao kwenye vibanda vya nyumbani.

Mlango uligongwa. Alikuwa Shelukindo, meneja wa kampuni ya malori, mtu wa manukato mengi na maneno machache.

"Daktari Kihwele, nasikia njano imeshinda."

"Umesikia kwa nani? Sijamwambia mtu."

Alicheka. "Si umenitumia jedwali asubuhi? Madhara yanalingana, na njano inadumu mara tatu. Pakiti moja badala ya tatu. Hapo tunabishana nini?"

Kweli nilikuwa nimemtumia. Lakini kile kicheko hakikunikaa vizuri. Nilimwangalia mikono, nikajiuliza mikono hiyo iligusa takwimu zangu lini.

"Tunabishana namba kumi na saba," nikasema.

Namba kumi na saba alikuwa mtu wa njano. Joto thelathini na tisa na nusu, mapigo mia na hamsini akiwa ameketi. Wiki ya tisa alivua miwani, akapiga kelele kwamba ukutani kuna watu, akaanguka. Sasa yuko wodini na moyo uliovimba. Wenzake kumi na tisa wa njano, hakuna aliyepata hata robo ya hayo.

"Huyo mtoe," Shelukindo akasema. "Ni mla mirungi wa zamani, mwili wake ulishaharibika. Mtu mmoja kati ya arobaini si ushahidi, ni bahati mbaya."

"Nikimtoa, hahesabiwi tena kuwa mshiriki. Kampuni haitamtibu."

"Kampuni si shangazi yake, daktari." Alipofika mlangoni akageuka. "Unalala kweli? Macho yako mekundu."

Alipotoka nilibadilisha neno la siri la kompyuta yangu, mara ya pili wiki ile. Penye moshi hapakosi moto, na mtu anayekuuliza habari za usingizi wako ana sababu yake.

Saa tatu na nusu mlango uligongwa tena, nikashtuka mpaka kalamu ikaniponyoka. Alikuwa Mama Gaudensia Mhagama, kiongozi wa zamu, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyeongoza malori kabla baadhi ya wenzake hawajazaliwa. Alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Kamwene, daktari. Uji wako unapoa."

"Shikamoo, mama. Leo sina njaa."

"Hata jana ulisema hivyo. Unakonda mpaka nguo zinakuuliza mwenyewe yuko wapi. Kunywa."

Nikanywa. Kanuni inasema mpimaji asile cha mpimwa, naijua, nilishiriki kuiandika. Lakini tuliiandika Dodoma kwenye joto, na hatukuwa tumefikiria baridi ya Makambako mwezi wa Juni, wala namna ya kumkatalia mtu mzima bakuli alilokuletea kwa mikono miwili. Kwa miezi minne sikuwahi kumkatalia.

2

Alhamisi nilikwenda hospitali. Sikumkwepa kwa ubaya dereva wa kampuni aliyejitolea kunipeleka. Nilitoka tu kwa mlango wa jikoni, nikapita njia ya mzunguko, nikageuka nyuma mara saba. Hakuna aliyenifuata, na hilo nalo likanitia shaka.

Namba kumi na saba aliitwa Agapiti Sanga, miaka thelathini na minne, mrefu kuliko kitanda. Mkewe, Tumaini, alikuwa akimpepea kwa gazeti. Mashine ilihesabu moyo wake kwa sauti ndogo, na mimi nikajikuta nahesabu nayo.

"Kaka Agapiti, nitakuuliza jambo. Usikasirike. Umewahi kula mirungi?"

Aliangalia dari, kisha mkewe, wote wawili wakacheka, ingawa yeye alicheka akishika kifua.

"Mimi? Mama mkwe angenizika mzima mzima. Muulize huyu."

"Hajawahi hata sigara," Tumaini akasema. "Nani kasema anakula mirungi?"

Niliona uso wa Shelukindo, nikahisi nimempata mwizi wangu. Ila nilitaka kuwa na uhakika, kwa hiyo nikaendelea.

"Sasa mbona wewe peke yako? Wenzako kumi na tisa wamekunywa poda ile ile, kipimo kile kile, wako salama. Wewe ulifanya nini ambacho wao hawakufanya?"

"Hakuna. Nilifuata maagizo. Kikombe changu, pakiti yangu, nakoroga, nakunywa." Alivuta shuka kifuani. "Labda kwa sababu mimi nilikunywa kando."

"Kando ya nini?"

Waliangaliana tena, safari hii bila kucheka. Tumaini akatikisa kichwa kumkataza, lakini mgonjwa alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hadanganyi vizuri.

"Kando ya chungu, daktari. Wenzangu wanakunywa cha pamoja. Wanamwaga pakiti zote mle, kijani na njano, wanakoroga kwa mwiko mmoja, wanagawana. Mimi siwezi. Anayegawa ni mama mkwe. Kwetu mkwilima, mwanamume aliyeoa, hali chungu kimoja na mama mkwe wake, ni aibu kubwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nachukua uji mweupe mapema kabla hawajamwaga, naenda nyuma ya jengo, nakoroga yangu huko huko."

"Mama mkwe wako ni nani?"

"Mama yangu," Tumaini akasema kwa sauti ya chini. "Gaudensia."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Hapakuwa na mwizi. Watu thelathini na tisa walikuwa wamekunywa mchanganyiko mmoja, nusu ya hii na nusu ya ile, ndiyo maana safu zangu zililingana. Katika nchi nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amekunywa njano kamili kila siku kwa wiki tisa, na ndiye huyu aliyelala mbele yangu. Namba tuliyotaka kuifuta ndiyo namba pekee ya kweli.

Kisha nikakumbuka bakuli, na sahani iliyolifunika.

3

Nilijitoa damu mwenyewe kabla usiku haujaingia. Mashine ya maabara ilichora vilima viwili, cha kijani na cha njano, wazi kabisa, kama vile vya mtu aliyeandikishwa. Niliutazama mchoro huo nikaona aibu, halafu nikaona hofu, na hofu ilikuwa ya jambo ambalo sikulitarajia.

Nilichukua fomu ya Ijumaa nikajiuliza maswali yangu mwenyewe. Unalala saa ngapi? Tatu. Chakula kinapita? Hapana. Unahisi watu wanakusema? Ndiyo. Unahisi unafuatwa? Nilikuwa nimegeuka nyuma mara saba njiani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Miezi minne nilijisifu kwa jicho langu kali, kumbe sehemu ya ukali huo ilikuja na uji. Dhidi ya Shelukindo sikuwa na ushahidi hata chembe. Alisema uongo kuhusu mirungi, au pengine aliambiwa na mtu, akaamini kwa kuwa ilimfaa. Sikujua. Nilichokijua ni kwamba siku tisa zijazo kila nitakapomshuku mtu lazima nijiulize mara mbili: huyu ni mimi, Editruda, au ni njano?

Ijumaa nilimkuta Mama Gaudensia jikoni kabla ya zamu, peke yake, akimenya magimbi. Nilimweleza yote. Hakukana. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Wiki ya kwanza tulikunywa kila mtu chake," akasema. "Wa njano wanatetemeka, wa kijani saa nane wanalia kama watoto. Kazi ni moja, barabara ni moja. Nikasema, hapana. Kwa nini mwenzako aumie kwa kilicho kikombeni mwake na wewe una nafuu kwenye chako? Tukamwaga pamoja, tukawa sawa. Hata wewe nilikuchotea humo humo, kama mwenzetu. Nilifanya ubaya gani?"

"Mliwaokoa, mama. Lakini mimi niliandika kwamba njano ndiyo iliyo salama. Jumatatu watu elfu tisa watainywa, mmoja mmoja, kila mtu kwenye kibanda chake."

Niliona akitembea taratibu kimawazo kuelekea mahali nilipokuwa tayari nimefika, na nikatamani asifike.

"Agapiti," akasema. "Nilidhani anamwaga yake chunguni. Nilidhani mtu mwingine anamchotea." Akakunja pindo la kitenge. "Kwa hiyo ni heshima yake kwangu ndiyo iliyomuunguza."

Nilimshika mkono. Nililia mimi, yeye hakulia.

Tulipotulia nikamsomea kanuni ya kumi na moja, kwa sababu alikuwa na haki ya kuijua. Aliyechanganya dozi akijitokeza mwenyewe mbele ya Baraza, yeye na wenzake hupewa onyo. Akitajwa na mtu mwingine, yeye na wenzake wote huondolewa kazini. Nikamwambia pia kuna njia ya tatu, niliyoifikiria usiku kucha: niseme mimi ndiye niliyechanganya. Utafiti ungefutwa, mimi ningekwisha, wao wangebaki.

"Na Agapiti?"

"Utafiti ukifutwa, hakuna mshiriki. Na watakaouanza upya hawatajua. Watachukua watu wengine arobaini, watawapa njano kamili, na safari hii watahakikisha kila mtu anakunywa peke yake."

"Basi hiyo si njia," akasema. Alikichukua kisu, akaendelea na magimbi. "Niache nifikirie. Kuna watu thelathini na wanane nyuma yangu. Siwezi kukujibu kabla sijawauliza."

"Baraza linakaa kesho saa nne, mama."

"Nimesikia."

Nilitoka bila uji. Mlangoni niligeuka, nikamwona ameshatoa simu na kunipa mgongo. Anampigia nani? Nilijibu swali hilo mwenyewe, na jibu nililolipata halikuwa zuri.

4

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na viti vingi na watu wachache. Mwenyekiti, Bi Rukia Mbaruku, alikuwa mfamasia mstaafu mwenye tabia ya kuandika kila kitu kwa penseli. Shelukindo alikaa upande wa kulia na jedwali langu la Jumatano mbele yake. Nilipopiga simu Makambako saa kumi na mbili asubuhi, Gaudensia hakupokea. Saa moja, hakupokea. Saa mbili simu ilikuwa imezimwa.

Nilianza na damu yangu. Nilionyesha vilima viwili, nikasema, "Huyu ni mshiriki wa arobaini na moja. Ni mimi." Kisha nikaeleza chungu, na namba kumi na saba, na kwa nini joto lake ndilo kipimo pekee cha njano tulicho nacho. Nilisema wazi kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikinywa dawa inayozaa shuku, na kwamba bado imo mwilini mwangu.

"Kwa hiyo," nikamalizia, "kile ninachokishuku msikiamini. Aminini kinachopimika."

Shelukindo alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, namheshimu daktari. Lakini tusikilize tulichoambiwa. Mtu asiyelala, anayekiri kuwa amelewa dawa ya shuku, anatuambia watu wamefanya njama ya uji. Damu yake inathibitisha kwamba yeye alikunywa, basi. Wenzake je? Nani aliyechanganya? Ana jina? Kama hana, hii ni hadithi, na namba kumi na saba ni mgonjwa mmoja tu."

"Wapimwe damu leo," nikasema.

"Kanuni zako mwenyewe zinasema damu baada ya ripoti," akajibu. "Na Jumatatu iko mlangoni."

Bi Rukia aliinua penseli. "Daktari, nikipata mtu mmoja anayehusika, naweza kusimamisha ugawaji sasa hivi na kuamuru vipimo. Bila mtu, mikono yangu imefungwa. Unaye?"

Niliangalia simu. Hakuna ujumbe. Nikamwona Gaudensia jikoni akinipa mgongo, simu sikioni. Nikawaona wote thelathini na wanane wamekubaliana wanyamaze, wanikane, waseme daktari ni mwendawazimu. Niliona jinsi walivyopanga, nani alisema nini, nani alicheka. Niliona waziwazi kabisa, kama mtu anayetazama kupitia miwani ya ukumbini. Nikafikiria waongozaji elfu tisa, na Agapiti anayepepewa kwa gazeti.

"Gaudensia Mhagama," nikasema. "Kiongozi wa zamu."

Penseli iliandika. Bi Rukia akatangaza kwamba njano haitagawiwa Jumatatu wala siku nyingine mpaka damu za wote zipimwe, na kwamba mshiriki namba kumi na saba anabaki kwenye hesabu na kwenye matibabu. Shelukindo alikunja jedwali lake mara nne, akalitia mfukoni. Kisha mwenyekiti akamwambia karani afungue mlango, tupumzike dakika kumi.

Mlango ulipofunguliwa nilimwona. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya nyuma, ambako mimi sikupita nilipoingia, amevaa gauni la kanisani, mkoba mapajani. Kando yake walikaa watu wanne wa zamu yake, wamejibana kwa sababu benchi lilikuwa fupi. Alisimama aliponiona.

"Tumekuja na basi la usiku, simu mkobani, sikuisikia," akasema. "Karani wa mapokezi katuambia tuzime simu tusubiri kuitwa. Tuko hapa tangu saa mbili. Tumekubaliana wote, daktari. Nimekuja kusema mwenyewe."

Karani, kijitabu mkononi, alipita katikati yetu, akauliza kama hapo kuna mtu anayeitwa Gaudensia Mhagama, kwa sababu ametajwa.

Mama Gaudensia alimwangalia karani, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ananitazama hivyo hivyo alipokuwa akiniletea bakuli, akitafuta usoni mwangu kama nimekula.

"Ni dawa, mama," nikasema. "Bado imo. Siku tisa."

"Labda," akasema. Akatengeneza kitenge begani, akawaambia wenzake wanne waketi, naye akaingia.